Mkono wa Kinyozi

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Kaa kwanza kabla hujaendelea kusoma, na kama pasi iko juu ya shuka iondoe, nisije nikawa sababu ya wewe kuunguza nguo za watu.

Nimeanza kunyoa kwa wembe wa kukunja. Ndiyo, ule wa vinyozi wa zamani, unaojificha ndani ya mpini wake. Mzee mmoja mtaa wa nyuma alikuwa anafunga kibanda chake cha kunyoa, akauza kila kitu kuanzia kiti hadi kioo. Mimi nikachukua wembe, brashi ya sabuni na mkanda wa ngozi wa kunolea. Sasa kila asubuhi natia maji ya moto bakulini, napiga povu mpaka lisimame, navuta ngozi kwa vidole vya kushoto, kisha nashusha wembe polepole kuanzia sikioni. Huwezi kuwaza jambo jingine wakati ule. Ukiwaza jambo jingine, shingo itakukumbusha.

Mchumba wangu ananicheka, anasema nimeanza uzee kabla ya ndoa. Kazini wananiita Kinyozi. Niliwajibu kwamba baba yangu alikuwa kinyozi wa kweli, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sijajikata hata mara moja. Kidevu ni laini kama yai. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa, nimesoma, nimesimama tena kwa hasira.

Uliona wapi mtu mwenye akili zake, mwenye kazi na mchumba, anajiwekea kisu kooni kila asubuhi kabla ya chai? Nyembe za dukani zimekwisha mji mzima? Hata baba yako, na kunyoa ndiyo ilikuwa kazi yake, alikuwa akinyolewa na mwenzake wa kibanda cha pili. Waliosema kinyozi hajinyoi hawakuwa wajinga.

Na hayo ya mtoto wa nyoka usiyarudie. Wewe ni mtoto wangu mimi pia.

Niambie, unalala vizuri? Unakula? Hapo kwako mnavunja vyombo sana siku hizi? Nauliza tu, maana nafikiria vikombe vya kuwaletea siku ya harusi na sijui nichague vya udongo au vya bati.

Mrudishie yule mzee wembe wake. Mwambie mama yako amekataa, usione haya.

Mama yako


11 Februari

Mdogo wangu,

Kijana ameshika wembe wa kukunja. Si wembe ninaouogopa, wewe unajua ninachokiogopa.

Mwaka huu anafikisha umri ambao mikono ya baba yake ilianza kucheza. Mama mkwe wangu naye ulimwanzia umri huo huo. Wewe ulikuwepo siku daktari aliposema: mtoto wa mtu mwenye ugonjwa huu ama ameurithi ama hakuurithi, nusu kwa nusu, na kwa kumtazama tu huwezi kujua mpaka umri ufike. Tukamficha mtoto. Miaka ile mibaya alikuwa kwako anasoma, na nilipokuja kumchukua nilimwambia homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua baba yake. Mpaka leo anajua hivyo.

Sasa kila asubuhi ananipimia mkono wake shingoni na anadhani ni mchezo. Wewe uko naye mji mmoja. Nenda kamwone kama unapita tu. Mpe kikombe kilichojaa mpaka mdomoni, umwangalie akikiinua. Mpe sindano atunge uzi. Usimwambie kitu. Ana harusi mwezi wa nane, mwache aoe akiwa na moyo mwepesi.

Naogopa, mdogo wangu. Nasema kwako kwa sababu sina kwingine.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo. Nilikwenda Jumapili, nikabisha hodi nikiwa nimeshaingia sebuleni, kama unavyonijua.

Kijana mzima. Alikuwa na ndevu za siku kadhaa, akasema Jumapili uso unapumzika kama watu wengine. Nikamimina chai mpaka ukingoni. Akakiacha kikombe mezani kipoe, tukapiga soga, na nilipokuwa naeleza habari za yule mteja wangu anayenunua dawa ya kikohozi kila wiki bila kukohoa, nikaona kikombe kitupu na meza kavu. Sindano nilimpa, nikasingizia macho yangu. Mchumba wake akaidaka hewani akaitunga yeye. Msichana mwepesi sana yule, na anampenda, hamwondolei macho.

Dada, umekaa na hofu mpaka imekuzoea. Mtoto akililia wembe, mpe. Yeye mwenyewe amenidokeza kwamba anataka kukuomba wembe wa baba yake. Ukimnyima ataanza kujiuliza kwa nini, na hilo ndilo usilolitaka.

Mdogo wako


26 Februari

Mama,

Shikamoo. Nina ombi, na usiseme hapana kabla sijamaliza.

Nataka wembe wa baba. Najua uko kwenye sanduku lako, chini ya mashuka yasiyotumika. Huu nilioanza nao chuma chake ni hafifu, hatuelewani. Ule uliofanya kazi kibandani miaka yote ndio ninaouamini. Nitautunza.

Habari njema: Bosi amenipandisha. Sipandi ngazi tena kuandika majina ya maduka kwenye vioo. Sasa niko ndani ya karakana, nasimamia upakaji wa rangi ya kwanza kwenye mbao kabla wengine hawajaandika. Kazi ya kivulini, mgongo unapumzika.

Vikombe leta vya udongo. Nani anakunywa chai ya harusi kwenye bati?

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Huu hapa, nimeufunga kwa kitambaa alichokuwa akiufungia yeye. Umeshinda, na usijisifu.

Sharti langu ni moja. Usiunoe, wala usimpe fundi yeyote aunoe. Baba yako hakupenda mkono wa mtu mwingine uguse makali yake. Ukiuona unavuta ndevu, basi jua umezeeka, uuweke kabatini uwe ukumbusho, urudi kwenye nyembe za dukani kama watu.

Hongera kwa kupandishwa.

Mama yako


12 Machi

Mdogo wangu,

Nimemtumia wembe kama ulivyosema, ila nimefanya kwa akili yangu. Nimetoka nao uani, nikasugua makali yake kwenye ukingo wa ngazi ya saruji mpaka yakalala kabisa. Ukiutazama unang'aa kama siku zote. Ukiushika ni kijiko. Utamvuta ndevu mpaka machozi yamtoke, na mwanamume hajaumbwa kuvumilia hilo. Kabla ya wiki kwisha atakuwa ameutupa kabatini, na ule mwingine ameshaukinai. Nimemwambia asiunoe.

Usinicheke. Nilipokuwa nausugua niliisikia sauti yake kabisa, mume wangu, akiniuliza nafanya nini. Nikaendelea kusugua.

Hii habari ya kupandishwa kazi umeisikia? Mwandishi wa mabango bora kuliko wote pale, anapewa brashi pana apake rangi nyeupe kwenye mbao. Hicho ni cheo gani?

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Leo sina soga.

Kijana amekuja dukani kwangu mchana. Hakujua ni zamu yangu. Ameomba plasta na shabu, lile jiwe jeupe ambalo shemeji alikuwa akilipitisha kwa wateja kuzuia damu. Alipoinua uso nikashika kaunta. Taya limechanika mahali pawili. Chini ya sikio kuna alama ndefu. Kwenye koo, Dada, kwenye koo kabisa, kuna mkato mpya ambao bado ulikuwa unatoa maji. Nikamwambia kwa Mungu acha huo wembe. Akanitazama akasema, "Mama mdogo, siwezi kuacha sasa, karibu nitapata jibu." Jibu la nini, hakusema. Akaacha chenji yake akaondoka.

Nikafunga mapema nikaenda karakanani. Bosi wake ni mtu mwema, hakutaka kuzungumza, nikamkalia mpaka akazungumza. Hakumpandisha mtu. Alimtoa kwenye vioo tangu mwisho wa mwaka jana kwa sababu herufi zilikuwa zinamtoroka. Wiki iliyopita ameangusha debe la rangi. Mchumba wake nimemkuta nje, macho yamevimba; kijana amemwambia harusi haipo na hataki kumwambia kwa nini.

Nami niliona kikombe kitupu nikakuandikia kwamba ni mzima. Sikuona alivyokiinua. Nadhani msichana ndiye aliyekinywa.

Usiposema naye wewe, nitasema naye mimi. Huo wembe butu wako nao utamuua kabla ya ugonjwa.

Mdogo wako


8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nina swali, lakini nitaanza na ya kwangu.

Bosi hakunipandisha. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa juu ya ngazi naandika jina la duka la viatu kwenye kioo. Herufi ya mwisho ikanitoka na kwenda zake, mstari mrefu mwekundu mpaka kwenye fremu. Nikafuta, nikasema ni uchovu. Kesho yake tena. Nikaanza kuutazama mkono wangu kama mtu anavyomtazama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Ndiyo maana nilichukua wembe. Si mapenzi ya mambo ya kale. Rangi inafutika, na ukitaka kujidanganya na rangi utajidanganya. Nilitaka kitu ambacho kisipotulia nitajua, kila asubuhi, bila kumuuliza mtu. Nikaomba wa baba nikijiambia: huu nao ukinikata, basi. Umenikata siku ya kwanza. Umenikata kila siku tangu ufike.

Mchumba wangu nimemwambia atafute maisha yake. Sikumwambia sababu. Alilia, akanitukana vizuri tu, akaondoka na mwavuli wangu.

Juzi nimekwenda kwa daktari. Alinifanya nigonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, nitembee juu ya mstari wa vigae, nitoe ulimi nisiurudishe. Halafu akaweka kalamu chini akaniuliza baba yangu alikufa kwa nini. Nikasema homa ya mapafu. Akauliza, "Nani alikuambia?"

Nami nakuuliza wewe, Mama. Baba alikufa kwa nini?

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu, kipenzi changu,

Nitakujibu yote, na usiache kusoma katikati, kwa sababu mwishoni kuna jambo zuri.

Baba yako hakufa kwa homa ya mapafu. Homa ilimkuta kitandani, lakini kilichomfikisha kitandani ni ugonjwa mwingine, ambao mama yake alikuwa nao pia. Ulianza na mkono. Siku moja kibandani alimkata mteja sikio, na yule mtu akatoka na povu usoni akitangaza mtaa mzima kwamba kinyozi amelewa. Baba yako hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Wateja wakapungua, kisha wakaisha. Baada ya mkono, miguu. Baada ya miguu, maneno yakawa yanamtoka yamevunjika. Nikakupeleka kwa mama yako mdogo usione. Sijui kama nilifanya vizuri. Nilitaka umkumbuke akiwa amesimama.

Alikuwa mtu wa kujipenda, hakutaka kulala na ndevu. Basi nikamnyoa mimi mpaka mwisho. Alinifundisha mwenyewe, alipokuwa bado anaweza kusema. Aliniambia: shika kichwa kwanza, wembe baadaye. Kiegemeze kifuani kwako. Usishindane na mtikisiko, ungoje upite, kisha ushushe mkono kabla mwingine haujafika. Sikumkata hata mara moja, mwanangu, na wakati ule alikuwa anarukaruka kama mahindi kikaangoni. Tulikuwa tunacheka, mimi na yeye. Hilo nalo nilikuficha, kwamba tulikuwa tunacheka.

Ugonjwa huu mtoto ama ameurithi ama hakuurithi. Si lazima uwe nao. Sasa sikiliza vizuri.

Wembe ule niliuua mimi. Kabla ya kuutuma niliusugua kwenye ngazi ya saruji mpaka makali yakaisha, nikakuambia usiunoe. Nilitaka uchoke uache. Mke wa kinyozi mzima, nikasahau kwamba wembe butu ndio unaokata, kwa sababu mtu anaukandamiza! Mikato hiyo ni yangu. Si ya mkono wako. Hata mimi, na mkono wangu huu unaonyoosha shuka bila kunyanzi, ningejichana na wembe ule. Nimelia kwa aibu na nimelia kwa furaha, majirani wanadhani nimefiwa.

Na habari ya herufi, nani asiyetetemeka juu ya ngazi akishaanza kujiogopa? Upeleke wembe kwa fundi leo hii aunoe. Nyoa. Kisha mwite yule msichana, umwombe radhi kwa magoti, halafu uniandikie.

Nisamehe. Nisamehe mara mbili.

Mama yako


23 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimekusamehe mara zote, hizo mbili na nyingine ambazo utazikumbuka baadaye ukiwa unapiga pasi.

Barua yako ilinipa siku mbili za furaha ambazo sikuwa nazo tangu mwaka jana. Niliimba barabarani. Nikaupeleka wembe kwa fundi anayenoa mikasi ya mafundi cherehani. Akaupitishia kidole akaniuliza nani amekosana na chuma kizuri namna hii. Nikamwambia ni mambo ya kifamilia. Akaufanyia kazi asubuhi nzima, jiwe la kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha ngozi. Alipomaliza akaujaribu kwa unywele wa mkono wake mwenyewe, ukakatika bila yeye kusikia.

Kesho yake nikanyoa. Shavu la kulia likatoka safi, sijawahi kunyoa hivyo. La kushoto pia. Nikafika kidevuni mkono ukaruka. Si sana. Ni kama vile mpita njia amekugusa kiwiko. Nikageuka kutazama, hapakuwa na mtu.

Mama, katika barua yangu ya kwanza nilikudanganya. Wembe wa yule mzee ulikuwa mkali kabisa, na wiki ileile ya kwanza ulinikata. Nikaulaumu, nikasema chuma hafifu, nikaomba wa baba. Nilikuwa natafuta wembe wa kusingizia, na wewe bila kujua ukaniletea mmoja. Usijilaumu kwa ngazi ya saruji. Haikubadilisha kitu. Daktari amechukua damu na majibu bado, lakini nimeuona uso wake nilipomsomea barua yako.

Naogopa sana. Nakuandikia hivyo hivyo, bila utani.

Mchumba wangu alikuja juzi kurudisha mwavuli. Nikamwambia kila kitu pale pale mlangoni, mvua inanyesha: baba, bibi, herufi, damu, na kwamba hata watoto wetu itakuwa nusu kwa nusu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nimemaliza kusema, kisha akaingia ndani akavua viatu. Hatujui tutafanya nini kuhusu watoto. Harusi ipo.

Anataka kujifunza kuninyoa. Nimemsomea ile sehemu yako na baba. Jana amefanya mazoezi kwenye puto lililopakwa povu, likapasuka, tukaogopa wote wawili, na povu mpaka darini. Ana mkono mtulivu lakini hajui kushika kichwa cha mtu.

Njoo, Mama. Usisubiri mwezi wa nane, njoo sasa. Mfundishe kama baba alivyokufundisha, wakati bado naweza kukaa kitini nikatulia, na kumwambia mwenyewe ni wapi panauma.

Mwanao